Pampu ya insulini kwa mtoto mwenye kisukari: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wazazi wa Mwanza na kandokando ya Ziwa

Maswali haya yametoka kwenye mabenchi ya kliniki, kwenye makundi ya WhatsApp ya wazazi na kwenye simu za usiku wa manane. Yote yanahusu kisukari cha aina ya kwanza, kile ambacho kongosho la mtoto limeacha kutengeneza insulini, kwa hiyo lazima aipate kutoka nje kila siku. Humu hamna dozi hata moja. Dozi ni mazungumzo ya mtoto na daktari wake. Jambo lililokwisha kujibiwa halirudiwi. Utaelekezwa namba ya swali.

Niseme mapema ninavyoamini, maana itaonekana tu kwenye majibu: pampu ni kifaa kizuri sana, lakini kwa familia nyingi za huku swali la kwanza si "inafanyaje kazi?" Swali ni "vifaa vya mwezi wa saba, wa nane na wa tisa vitatoka wapi?"

## Kuielewa pampu

1. Pampu ya insulini ni nini hasa?

Ni mashine ndogo inayoenea kiganjani, ambayo ndani yake kuna insulini ya haraka peke yake. Inaisukuma kidogo kidogo mchana na usiku kupitia mrija mwembamba hadi kwenye kanula, yaani kijibomba laini cha plastiki kinachokaa chini ya ngozi ya tumbo, paja au makalio. Zipo pia zisizo na mrija: kifaa kizima hubandikwa mwilini, huongozwa kwa rimoti, na hutupwa baada ya siku 3.

Ile insulini ya kidogo kidogo ndiyo inayochukua nafasi ya sindano ya muda mrefu. Mtoto akitaka kula, yeye au mzazi anabonyeza ili aongezewe dozi ya chakula. Hapa ndipo wengi hushangaa, kwa sababu pampu ya kawaida haijui kwamba mtoto amekula. Lazima iambiwe.

2. Je, pampu inaponya kisukari?

Hapana. Ni njia nyingine ya kuingiza dawa ileile.

Nalijibu pia lile linalofuata nyuma ya swali hili, maana huulizwa kwa sauti ya chini: kuna mtu Magu au Misungwi ana dawa ya kukimaliza kabisa, je, tumwachishe insulini tujaribu? Tafadhali, msimwachishe. Mtoto wa aina ya kwanza akikosa insulini anaweza kufa ndani ya siku chache. Kabla ya Januari 1922, kijana wa miaka 14 aitwaye Leonard Thompson alipochomwa insulini huko Toronto, mtoto aliyegundulika na ugonjwa huu hakuwa na matumaini ya kuishi. Kilichobadilisha habari hiyo ni insulini, na mpaka leo ni hiyohiyo.

3. Mtoto hatachomwa tena sindano?

Atachomwa mara chache zaidi. Mtoto wa sindano nne kwa siku huchomwa kama mara 120 kwa mwezi. Kwenye pampu, kanula hubadilishwa kila baada ya siku 2 au 3, hivyo anachomwa kama mara 10 hadi 15. Kwa mtoto anayejificha chini ya kitanda kila akiona bomba, tofauti hiyo si ndogo.

Kidole ni habari nyingine. Bila sensa (kifaa kinachokaa chini ya ngozi kusoma sukari, swali la 4), mtoto wa pampu anapimwa sukari mara nyingi kuliko zamani, kwa sababu zilizoelezwa kwenye swali la 18. Na siku mashine ikigoma, bomba la sindano linarudi. Usilisahau wala usilitupe.

4. Lakini nimesikia kuna pampu zinazopima zenyewe na kujirekebisha. Je, si hizo?

Zipo. Pampu huunganishwa na sensa inayokaa chini ya ngozi na kusoma sukari kila baada ya dakika chache, kisha programu inaongeza au kupunguza insulini. Marekani iliidhinisha mfumo wa kwanza wa namna hiyo mwaka 2016, na tangu hapo imeboreshwa sana. Hata hizo bado zinataka kuambiwa habari za chakula, ndiyo maana huitwa nusu otomatiki.

Ukweli ni kwamba faida kubwa unayoisikia mitandaoni kutoka kwa wazazi wa Ulaya ni ya mfumo huu kamili, pampu pamoja na sensa. Ukinunua pampu pekee, usitarajie matokeo hayo.

## Inamfaa nani

5. Je, pampu ni bora kuliko sindano?

Inategemea unailinganisha na sindano za namna gani.

Mwaka 2019 yalitoka matokeo ya utafiti wa Uingereza na Wales uliofanyika katika hospitali 15, ukiwa na watoto karibu 300 waliogundulika karibuni, kuanzia wachanga wa miezi 7 hadi miaka 15. Nusu walipewa pampu, nusu wakapewa sindano nyingi kwa siku. Baada ya mwaka mmoja, pampu haikuonyesha kuwa bora katika kudhibiti sukari, na gharama yake ilikuwa kubwa zaidi. Lakini angalia: watoto wale wa sindano hawakuwa wakichoma mara mbili kwa siku na kupima mara moja kwa wiki. Walikuwa na insulini nzuri, stripu za kutosha za kupimia sukari ya kidole, na muuguzi wa kumpigia simu.

Utafiti mwingine mkubwa, wa Marekani na Canada, uliotolewa mwaka 1993, ndio uliothibitisha kwamba kuibana sukari vizuri hulinda macho, figo na mishipa ya fahamu. Washiriki waliofanya vizuri walitumia pampu au sindano tatu na zaidi kwa siku. Vyote viwili vilifaa, mradi sukari ipimwe na dozi irekebishwe.

Mimi nasoma hivi: kinachomlinda mtoto ni insulini ya kutosha wakati unaofaa, na mtu mzima anayefuatilia. Pampu hurahisisha kazi hiyo, lakini haiwezi kuifanya kwa niaba ya mtu asiyefuatilia.

6. Ni mtoto gani anayefaidika zaidi?

Wa kwanza ni mtoto mchanga na mdogo sana. Chukua bomba la insulini la mililita 1, lile la uniti 100, ulitazame kwenye mwanga: kila mstari ni uniti 2. Mtoto wa kilo 9 anaweza kuhitaji nusu uniti kwa uji wake. Unaivutaje? Yapo mabomba madogo yenye alama za nusu uniti na peni za watoto, ila hayapatikani kila duka la dawa. Pampu inaweza kutoa 0.05 ya uniti, nyingine hata chini ya hapo, na mtoto akikataa kumaliza kikombe unaweza kumpa dozi ndogo tena bila kumchoma.

Wa pili ni yule ambaye sukari inamshuka vibaya mara kwa mara, hasa usiku, hata baada ya dozi kurekebishwa. Wa tatu ni kijana ambaye sukari inapanda kila alfajiri kabla hajala chochote. Pampu inaweza kupangwa iongeze saa kumi usiku na kupunguza saa mbili asubuhi, jambo ambalo sindano ya muda mrefu haiwezi. Na yupo anayeogopa sindano kiasi kwamba dozi zinarukwa.

Uingereza, ambako serikali ndiyo inayolipa, mwongozo wa mwaka 2008 uliruhusu pampu kwa watoto chini ya miaka 12 pale ambapo sindano nyingi haziwezekani au hazifai. Ni kigezo ambacho hata sisi tunaweza kukitumia kujiuliza.

7. Ni nani asianze kwa sasa?

Familia ambayo bado inapata stripu za kubahatisha. Familia ambayo mtoto analelewa kwa zamu, wiki kwa shangazi Nyegezi, wiki kwa bibi Sengerema, na mtu mmoja tu ndiye anayejua mashine. Kijana ambaye ameshaacha kupima na kuchoma kwa sababu amechoka moyo. Huyo anahitaji kwanza kukaa na mtu anayemsikiliza, kwa sababu pampu iliyochomoka kwa kijana asiyepima ni hatari kuliko sindano aliyoiruka.

Hilo si la milele. Mambo yakikaa sawa, mlango uko wazi.

8. Mwanangu anachoma insulini ya mchanganyiko asubuhi na jioni. Tunaweza kuruka moja kwa moja kwenda pampu?

Nisingeshauri. Insulini ya mchanganyiko inamlazimisha mtoto kula kwa saa na kwa kiasi kilekile. Pampu inafanya kazi kinyume: chakula kwanza kihesabiwe, dozi ifuate. Katikati kuna hatua ambayo ni shule kwelikweli, nayo ni kutenganisha insulini ya muda mrefu na ya chakula, kuchoma kila mlo, na kujifunza kuhesabu wanga (swali la 16). Kaeni hapo miezi kadhaa. Watoto wengi hupata nafuu kubwa hapohapo, na baadhi ya wazazi huacha kabisa kuuliza habari za pampu.

9. Anaweza kuanza akiwa na umri gani?

Hakuna umri wa chini. Wachanga wanavalishwa. Swali ni umri wa kujisimamia, na watoto wengi wa shule ya msingi wanaweza kubonyeza dozi iliyokwisha kuandikwa na mzazi, lakini hawawezi kubaini peke yao kwamba kanula imechomoka.

## Fedha na upatikanaji

10. Gharama yake ikoje?

Usiulize bei ya pampu. Uliza bei ya mwezi. Mashine mpya huko nje huuzwa kwa maelfu ya dola na kwa kawaida ina waranti ya miaka 4, lakini unainunua mara moja. Kinachowashinda watu ni haya yanayofuata.

Kila mwezi unahitaji kanula na mirija 10 hadi 15, katriji (vichupa vya insulini vinavyoingia ndani ya pampu) idadi hiyohiyo, na za akiba kwa ajili ya zinazochomoka. Unahitaji insulini ya haraka: mtoto wa kilo 30 akitumia uniti 25 kwa siku anafika 750, na mrija mpya hujazwa kila unapobadilishwa, kwa hiyo hesabu kichupa kizima cha mililita 10, chenye uniti 1,000. Ama sensa (za siku 14 ni mbili kwa mwezi, za siku 10 ni tatu), ama stripu zisizopungua 180 ukipima mara 6 kwa siku. Ongeza stripu za ketoni (asidi inayojaa kwenye damu insulini ikikosekana, swali la 18), betri au chaja, plasta za ngozi inayotoka jasho, pamoja na mabomba na insulini ya muda mrefu ya akiba ambayo huombi uitumie.

Kanula na katriji za kampuni moja kwa kawaida haziingii kwenye pampu ya kampuni nyingine. Zikikwama bandarini au mleta mzigo akiahirisha safari, huwezi kwenda mtaa wa pili ukapata mbadala.

11. Je, bima au mpango wa watoto unalipa?

Tanzania imo kwenye mpango wa Changing Diabetes in Children ulioanza mwaka 2009, na kupitia mipango ya namna hiyo watoto wengi hupata insulini, mabomba na stripu kliniki bila kulipa. Pampu haimo kwenye kapu hilo. Kwa bima, nenda na jina la kifaa limeandikwa, uliza kuhusu mashine na uliza peke yake kuhusu vifaa vya kila mwezi, na uombe jibu kwa maandishi. "Tutaangalia" si jibu.

Jambo moja la msingi: ukianza pampu, usiiache kliniki. Hata kama vifaa vyako vinatoka nje ya nchi, kadi ya mtoto ibaki hai hospitali ya Bugando, Sekou Toure au popote anapohudhuria, ili siku ya shida usianze foleni upya kama mgeni.

12. Ndugu yetu wa nje ametuletea pampu iliyotumika. Tuifunge?

Usiifunge nyumbani. Pampu iliyotumika inakuja na dozi za mwenyewe ndani yake. Mtu mzima wa kilo 80 akiwa ameacha mpangilio wake humo, mtoto wako ataipokea insulini ya mtu mzima usiku mzima akiwa usingizini. Lazima ifutwe yote na ipangwe upya na daktari anayemjua mtoto.

Kabla hata ya hapo, tazama haya: kanula zake bado zinatengenezwa? Lugha ya kwenye kioo mnaielewa? Inapiga kengele mrija ukiziba? Vifaa vya hospitali vinavyoingia nchini viko chini ya TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, na ni vizuri aliyetuma awe na karatasi zake. Ndugu akiuliza atume nini, mwambie ukweli bila aibu: stripu na sensa za mwaka mzima zinaweza kumsaidia mtoto kuliko mashine yenye mirija ya miezi miwili.

13. Tuna hela ya kitu kimoja tu. Tuanze na nini?

Stripu za kutosha kupima angalau mara 4 kila siku. Zikishapatikana bila kukatika, insulini ya chakula iliyotenganishwa na ya muda mrefu. Kisha sensa, hata kama ni ya wiki mbili tu kila baada ya miezi mitatu, maana itakuonyesha usiku ambao hukuwa unauona. Pampu baada ya hapo. Najua wapo watakaopanga tofauti. Mtoto mchanga wa swali la 6 ana haki ya kupangiwa tofauti.

## Maisha ya kila siku

14. Umeme ukikatika je?

Pampu yenyewe haizimiki. Nyingine hutumia betri ya kawaida ya dukani, nyingine huchajiwa kama simu na kukaa siku kadhaa, hivyo pawabenki inatosha. Wasiwasi uwe kwenye friji.

15. Joto la huku haliharibu insulini iliyo ndani ya pampu?

Linaweza. Insulini ambayo haijafunguliwa inataka nyuzi 2 hadi 8. Iliyofunguliwa huvumilia takribani wiki 4 ikiwa chini ya nyuzi 30, au 25 kwa baadhi ya aina, soma karatasi yake. Mwanza si Dar es Salaam, tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na usiku hupoa, lakini mtoto anayecheza mpira kwenye jua la saa nane, pampu kiunoni na mrija nje ya shati, anaipikisha insulini ile. Mvalishe mrija ndani ya nguo, na kama sukari inapanda bila sababu siku ya joto, badilisha katriji kabla hujabadilisha dozi.

Kwa akiba ya nyumbani pasipo friji, mtungi ndani ya mtungi, katikati mchanga uliolowanishwa na juu kitambaa kibichi, hupunguza joto vizuri, hasa kiangazi hewa ikiwa kavu. Wakati wa masika hufanya kazi kidogo.

Onyo kwa familia za Mwaloni na za wavuvi: usizike kichupa kwenye barafu ya samaki. Insulini iliyoganda imekufa hata ikiyeyuka na kuonekana safi.

16. Chakula chetu hakina vibandiko. Wanga tutauhesabuje?

Mizani ndogo ya jikoni, daftari na uvumilivu wa wiki chache. Bakuli moja liwe la mtoto, halibadilishwi. Pima ugali wa nyumbani kwenu, kwa sababu ugali mgumu una unga mwingi kuliko laini, na wa muhogo si sawa na wa dona. Wali uliopikwa una takribani gramu 28 za wanga kwa kila gramu 100, na hapo ni pazuri pa kuanzia.

Samaki wanatupa unafuu: sato, sangara na dagaa hawana wanga. Mtoto anaweza kula kipande cha pili bila kubonyeza chochote, mradi hawakupakwa unga kabla ya kukaangwa.

Mtego mkubwa ni michembe na matobolwa. Kiazi kitamu kikianikwa maji yanaondoka, wanga unabaki, kwa hiyo konzi ya matobolwa ambayo mtoto anaitafuna njiani akirudi shule ina wanga mwingi kuliko kiazi kibichi chenye uzito huohuo. Nimeona mzazi akimwongezea mtoto dozi wiki nzima, kumbe sukari ilikuwa ikitoka kwenye mfuko wa sare. Pima konzi yake mara moja, iandike, na umpe uhuru wa kula kwa kubonyeza. Kumkataza hakusaidii, atakula akijificha.

17. Shuleni itakuwaje? Na bweni?

Shule nyingi zinakataza simu, na pampu au rimoti yake inafanana na simu. Yupo mwalimu wa zamu atakayeichukua kwa nia njema kabisa. Nenda shuleni kabla ya muhula, ukiwa na barua ya daktari yenye mhuri na picha ya kifaa, uonane na mkuu, mwalimu wa darasa na matroni. Waambie mambo mawili tu, wasije wakachanganyikiwa: hiki hakivuliwi, na mtoto akitetemeka au kuongea ovyo apewe soda yenye sukari nusu chupa papo hapo, asiachwe peke yake.

Bweni ni gumu. Lawezekana pale ambapo kuna muuguzi anayelala shuleni na friji inayofungwa. Pasipo hayo, mimi ningempeleka mtoto shule ya kutwa, pampu au sindano.

## Mambo yakiharibika

18. Pampu ikikwama usiku, nini kitatokea?

Hili ndilo jibu ambalo ningependa kila mzazi alisome mara mbili kabla ya kutoa fedha.

Mtoto wa sindano ana insulini ya muda mrefu mwilini. Akichelewa dozi moja ya chakula, kuna kitu kinamshikilia. Mtoto wa pampu hana akiba hiyo. Insulini ya haraka inaisha mwilini ndani ya saa 3 hadi 5. Kanula ikijikunja chini ya ngozi saa nne usiku, mpaka alfajiri anaweza kuwa anatapika, tumbo linamuuma, anahema kwa nguvu, pumzi inanukia kama matunda yaliyoiva kupita kiasi. Hiyo ni asidi ya ketoni, na inaua.

Mara nyingine mashine haipigi kengele, kwa sababu insulini inatoka vizuri, ila inaishia kwenye plasta. Nusa pale pa kanula: insulini ina harufu kali ya dawa ya kuua vijidudu. Ukiisikia, au ukikuta pamelowa, umeshajua.

Sukari ikizidi 14 (mmol/L) mara mbili mfululizo bila sababu, pima ketoni. Ketoni zikiwepo, mchome insulini kwa bomba la sindano, usimpe kupitia pampu, kisha badilisha kanula na mrija wote na umnyweshe maji. Kiasi cha kuchoma kiwe kimeandikwa na daktari mapema na kubandikwa ukutani. Akitapika au kuhema vibaya, hospitali mara moja. Ndiyo sababu mtoto wa pampu anapimwa sana, na ndiyo sababu nisingemfunga mtu pampu bila stripu.

19. Na sukari kushuka?

Pampu ikipangwa vizuri huwa inapunguza matukio hayo. Tiba ni ileile: ikiwa chini ya 3.9 (mmol/L) mpe gramu 10 hadi 15 za sukari, yaani vijiko vidogo vitatu kwenye maji, pima tena baada ya dakika 15. Akizimia usimwekee kitu cha kumeza mdomoni. Simamisha au chomoa pampu, umkimbize hospitali.

20. Anaweza kuogelea ziwani?

Pampu nyingi huvuliwa, kwa muda usiozidi saa moja au mbili. Hata zinazostahimili maji, kesi ya ngozi iliyofunguliwa na kanula kwenye maji ya pembezoni yenye kichocho hainipendezi. Mchague sehemu nyingine ya kuogelea, na pampu iachwe kivulini, si juu ya mwamba.

21. Tunaishi Ukerewe. Pampu inawezekana?

Inawezekana kwa familia inayoweka akiba ya miezi miwili nyumbani, si ya wiki mbili. Hali ya hewa ikichafuka na kivuko kisipoondoka Nansio, masaa ya swali la 18 hayasubiri. Kila mtu mzima nyumbani ajue kuchoma kwa bomba, na kituo cha afya kilicho karibu kijulishwe mtoto ni nani. Kwa wanaoishi kwenye visiwa vidogo visivyo na usafiri wa usiku, naona sindano ni salama zaidi.

22. Binti yangu ana miaka 13 na anaona aibu kuvaa mashine.

Basi bado. Pampu isiyotakiwa huchomolewa chooni. Mwache aishike, aivae siku tatu ikiwa na maji ya chumvi badala ya insulini kama kliniki inaweza kumsaidia, aamue pa kuificha. Akikataa, heshimu.

23. Mwanangu ana kisukari na selimundu. Kuna tofauti?

Ipo, na Kanda ya Ziwa selimundu ni ya kawaida kuliko sehemu nyingi za nchi. Kipimo cha HbA1c, kile cha wastani wa miezi mitatu, hakiaminiki kwa mtoto huyu, kwa kuwa chembe zake nyekundu hufa mapema. Kinaweza kuonyesha vizuri wakati sukari iko juu. Usikubali kuamuliwa kuhusu pampu kwa namba hiyo pekee. Beba daftari la vipimo vya kidole au ripoti ya sensa. Aliyeongezewa damu karibuni naye ni hivyohivyo.

24. Akiumwa malaria au akilazwa, pampu ibaki?

Nyumbani, akiwa na homa lakini anakunywa na kuongea vizuri, pampu inabaki na sukari inapimwa kila saa 2 au 3 pamoja na ketoni. Insulini haisimamishwi kwa sababu tu hajala. Hupunguzwa au kuongezwa kwa ushauri.

Kutapika ni shida, kwa sababu malaria na asidi ya ketoni zinafanana mlangoni: homa au bila homa, tumbo, kutapika, kulegea, kuhema. Ukifika zahanati usikubali kipimo cha malaria peke yake. Sema mara moja, "huyu ana kisukari na anavaa pampu, naomba sukari na ketoni vipimwe sasa." Malaria ikionekana, bado anaweza kuwa na vyote viwili, na malaria kali nayo huweza kushusha sukari ya mtoto ghafla.

Akilazwa hali ikiwa mbaya, au akipelekwa upasuaji, madaktari mara nyingi huivua na kumpa insulini kwa mshipa au sindano. Wakubalie, mradi insulini nyingine iwe imeshaanza kabla pampu haijatoka. Huvuliwa pia kwa kipimo cha MRI, na kwa eksirei au sitiskani watengenezaji wengi hushauri hivyo. Ifunge kwenye mfuko wenye jina la mtoto, ukae nayo wewe mwenyewe, na umwombe muuguzi aandike kwenye faili saa iliyovuliwa.